Kahawa Imechemka

Duluth, 26 Februari 1980

Dada Aili,

Najua barua yangu ya mwisho bado iko mezani kwako, imelaliwa na kopo la sukari, inasubiri zamu yake. Iache isubiri, soma hii kwanza. Ungekuwa na simu ningekupigia Jumapili ileile, lakini miaka mitatu sasa tangu uing'oe ukutani ukisema ni kelele tupu. Haya, kelele yangu inakuja kwa posta.

Umeona mambo? Vijana wa vyuo, wengi wao wa hapahapa Minnesota, wanawafunga Warusi Ijumaa na Jumapili wanachukua dhahabu ya hoki ya Olimpiki! Najua utaniuliza, na mimi nasema usiniulize: ndiyo, dhahabu yenyewe iliamuliwa dhidi ya Wafini, na ndiyo, baba yetu, Mfini wa kuzaliwa, angekaa kimya siku tatu. Nilishangilia Marekani. Wafini walipofunga bao la kwanza nilishangilia kidogo, moyoni, kwa heshima ya marehemu.

Lakini sikiliza habari ya mjini. Leo asubuhi kinyozi wangu, mtu ambaye miaka kumi amenizungumzia samaki tu, ameniambia, "Reino, kahawa imechemka!" Hatukuwa na kahawa wala jiko. Jana muuza viatu kaniambia hivyohivyo. Dada, maneno yetu! Maneno uliyokuwa ukitupigia kelele kutoka dirisha la jikoni tulipokuwa tunacheza kwenye barafu ya bwawani, ambayo mimi huyatamka mara moja katika kila mchezo ninaotangaza ili ujue ninakusalimu, sasa yako midomoni mwa watu. Wanatazama. Hatimaye wanatazama hoki ya kulipwa.

Na imekuja wakati wake. Bwana Dressler, mkuu wa kituo chetu cha televisheni, alisema kabla ya Krismasi kwamba Alhamisi za hoki zinakaribia kufa. Watazamaji ni wachache, na kukodi waya wa kuleta picha kutoka uwanjani kule mbali kusini, Miji Pacha, ni mzigo. Machi ni mwezi wa kupima. Watazamaji wakipanda, mkataba unarefushwa. Wasipopanda, mahali pangu panawekwa mashindano ya boling, watu wakivingirisha matufe kuangusha vigingi. Boling, Dada! Nina miaka hamsini na moja, sijui kufanya kitu kingine isipokuwa kusema kile kisahani cha mpira kiko wapi kwenye barafu.

Nifanyie jambo moja. Hapo kijijini Halden Location watu wote unawajua. Waulize dukani, waulize kwenye sauna: nani anatazama Alhamisi? Na uniambie mchezo wa Alhamisi iliyopita uliuonaje.

Mdogo wako,
Reino


Halden Location, 2 Machi 1980

Mdogo wangu Reino,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza ilinichosha. Alama za mshangao umeanza kuzinunua kwa gunia?

Michezo yote miwili niliitazama kwa jirani yangu Bi. Zalar, maana televisheni yake ina rangi. Tulijaa watu kumi na tisa katika sebule ya watu sita. Wafini walipopigwa, mzee Onni wa duka la ushirika alitoka nje akasimama kwenye theluji bila kofia, kisha akarudi akaomba kipande cha keki. Nadhani kila mtu alikuwa na huzuni yake na furaha yake.

Sasa kuhusu kazi uliyonituma. Nimeuliza watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja wanatazama hoki yako kila Alhamisi. Hapo ndipo mimi niliposhtuka, kwa sababu watu kumi na mmoja wa Halden hawajawahi kukubaliana hata kuhusu siku ya wiki. Frank Zalar aliapa mbele ya mkewe kwamba hakosi hata Alhamisi moja. Reino, Alhamisi ni usiku wa Frank wa boling. Namwona kwa macho yangu akipita dirishani na mfuko wa tufe lake. Bi. Koskela naye anasema unatangaza vizuri sana, na televisheni yake iko kwa fundi tangu Januari.

Mzee Onni alikuwa mkweli kidogo. Alisema anatazama, kisha akaniuliza timu yetu ya kulipwa inavaa rangi gani.

Na hao wanaosimulia mchezo wa Warusi. Kila ninayekutana naye anasema aliona bao la mwisho likifungwa saa ileile lilipofungwa. Mchezo ulichezwa jioni, ukaonyeshwa usiku umeshaisha. Hakuna aliyeona saa ileile ila waliokuwa ndani ya ule uwanja. Watu wanaodanganya kuhusu kitu walichokiona kweli, watakuambia ukweli kuhusu kitu wasichokiona?

Kinyozi wako nisamehe. Jumamosi kabla hajakuambia hayo ya kahawa, gazeti la Duluth lilitoa habari yako, na hayo maneno ya kahawa yalikuwa kwenye kichwa cha habari. Picha waliyoweka ni ya wakati ulipokuwa na nywele. Kinyozi alisoma gazeti, basi.

Mchezo wa Alhamisi ulikuwa mzuri. Nilikusikia vizuri.

Dada yako,
Aili Sertich


Duluth, 8 Machi 1980

Dada,

Nimekaa na barua yako siku nne nipoe kwanza. Sijapoa.

Wewe tangu utotoni ukiletewa zawadi hutazama kwanza karatasi kama imewahi kutumika. Watu wanapenda kitu changu kwa mara ya kwanza maishani, wewe unakwenda kuchunguza fundi wa televisheni! Kwa nini unataka iwe uongo? Kuna siku nimekukosea?

Na Dressler ni kama wewe. Jana aliniita ofisini. Akasema, "Reino, wale vijana wa dhahabu hawachezi kwenye timu yako. Watu waliwapenda wao. Kwa nini wakupende wewe?" Nikamwambia mtu akishaona hoki nzuri ataitafuta tena. Akasema, "Tutaona kwenye madaftari."

Labda hujui mambo ya madaftari, nikueleze. Kuna kampuni huko Maryland inayochagua nyumba chache na kuzipelekea vidaftari kwa posta. Mwenye nyumba anaandika wiki nzima: saa hii nimefungua, nimetazama kitu fulani, nimefunga. Anakirudisha. Kutoka kwenye vidaftari hivyo wanakadiria watu wote. Kwa mkoa wetu mzima, huko kwenu kwenye migodi ya Ukanda wa Chuma pia, nyumba zenyewe hazizidi mia chache. Kila kidaftari ni mtaa mzima wa watu. Ni siri, wenye nyumba hawatajwi.

Kwa hiyo ukimjua mwenye daftari, usiniambie. Lakini ukimjua, mkumbushe tu kwamba hoki ni Alhamisi saa moja na nusu.

Reino


Halden Location, 15 Machi 1980

Reino,

Nina swali moja na nataka jibu lenye herufi chache.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumatano ikaja bahasha kutoka Maryland. Ndani mna kidaftari cha kijani, penseli, na karatasi inayosema nyumba yangu imechaguliwa kwa bahati. Nimeishi nyumba hii miaka ishirini na sita na haijawahi kuwa na bahati, hata ya kuku. Siku mbili baada ya ndugu yangu kunieleza madaftari ni nini, nimeletewa daftari.

Wewe ndiye uliyewapa jina langu?

Nimesoma ukurasa wa pili mara nne. Unasema kama kuna mtu wa nyumba hii anayefanya kazi ya televisheni, nilirudishe tupu. Wewe hukai nyumba moja nami tangu mwaka wa arobaini na saba. Kwa hiyo sina ruhusa ya kulirudisha tupu, na sina hamu ya kulijaza. Linaanza Jumatano. Limekaa mezani linanitazama, nimelifunika kwa kitambaa cha mkate.

Niapie kwa kaburi la mama.

Aili


Duluth, 18 Machi 1980

Dada,

Naapa kwa kaburi la mama. Sikuwapa jina lako wala la mtu yeyote. Nikipatikana nimefanya hivyo si boling tu, nafukuzwa kazi na hakuna kituo kitakachonipokea.

Ni bahati kweli. Na sielewi unaogopa nini. Unatazama kila Alhamisi, ndivyo unavyoniandikia. Andika ulichotazama, ndiyo yote. Ukiandika kweli umenisaidia, na hakuna wa kukulaumu. Nimecheka peke yangu leo: katika mkoa mzima, daftari limeangukia mtu mmoja ambaye nina uhakika naye.

Keshokutwa ni mchezo mkubwa. Nitakusalimu kama kawaida. Weka birika jikoni.

Mdogo wako,
Reino


Halden Location, 22 Machi 1980

Mdogo wangu,

Basi nimekuamini. Kiapo cha kaburi ni kiapo.

Juzi nilitazama. Mchezo ulikuwa moto. Mabao matano, na lile la tatu, kisahani kilipogonga mwamba kikarudi kikamgonga kipa mgongoni kikaingia, nilisimama kabisa. Yule mlinzi wao mrefu alistahili kukaa nje hata zaidi ya dakika zile tano. Salamu zako nilizipata, kipindi cha pili, kidogo umechelewa. Nadhani una mafua, sauti ilikuwa nzito. Kunywa maziwa ya moto na asali uache zile pipi zako za kukohoa.

Daftari naendelea nalo. Zimebaki siku tatu.

Bi. Zalar amekuletea andazi la njugu la kwao, nitakuwekea mpaka Pasaka ukija.

Dada yako,
Aili


Duluth, 27 Machi 1980

Dada Aili,

Nimeandika barua hii mara tatu na kuichana mara mbili.

Alhamisi ya tarehe 20 hoki haikuonyeshwa. Barafu ilikata waya kati ya uwanja na Duluth saa moja kasorobo. Kituo kiliweka filamu ya zamani ya makoboi. Mimi mwenyewe sikujua. Nilikaa juu kule uwanjani kwenye kibanda changu nikatangaza mchezo mzima, vipindi vitatu, kwa waya uliokufa. Niliposhuka ndipo fundi akaniambia kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyenisikia. Nami nilikusalimu kipindi cha kwanza, si cha pili. Na sina mafua.

Ulitazama nini, Dada?

Nimechukua gazeti la Ijumaa la huko kwenu. Kila ulichoniandikia kimo: mwamba, mgongo wa kipa, dakika tano za mlinzi. Umenakili gazeti. Miaka yote hii ninakaa Jumamosi nikisoma barua zako kwa furaha, kumbe nasoma gazeti lililokopiwa kwa mkono.

Hilo linaniuma, lakini kuna lingine linaloniogopesha. Umeandika nini kwenye daftari? Kama umeandika kwamba ulitazama mchezo ambao haukuwapo, kwa kunihurumia, watu wa Maryland watalinganisha na ratiba. Wakigundua ni dada wa mtangazaji, nani ataamini kwamba sikukutuma? Hata ile barua yangu ya saa moja na nusu ukiionyesha mtu, nimekwisha.

Niambie ulichoandika. Nakuomba.

Reino


Halden Location, 2 Aprili 1980

Reino Kangas,

Umeniita mwongo, na kwa jambo la Alhamisi una haki. Kisha umeniita mwongo wa pili, kwa jambo usilolijua, na hapo huna haki.

Nililoandika limo ndani ya daftari na daftari limeshakwenda. Wewe mwenyewe ulisema ni siri. Kama huniamini, kaulize Maryland.

Pasaka usije. Andazi nimewapa watoto wa Koskela.

Aili K. Sertich


Duluth, 14 Aprili 1980

Dada,

Hesabu zimetoka.

Wiki tatu za Machi tulikaa palepale tulipokuwa kabla ya dhahabu. Hata tulishuka kidogo. Ila ile wiki moja, Alhamisi ya tarehe 20, tumepanda mara tatu. Ni usiku uliotazamwa kuliko wote tangu kituo kianze kuonyesha hoki. Usiku wa makoboi.

Dressler alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema, "Reino, mtu akisahau alichotazama, anaandika kitu anachoona aibu kutokitazama. Hilo naelewa. Lakini mara tatu? Wiki moja tu? Kuna mtu amewapitia watu hawa." Hakunitaja. Hakuhitaji.

Kampuni inaruhusu vituo vikatazame madaftari. Jumatatu ijayo tunapanda ndege, mimi na yeye, tukayasome yote. Amesema nije ili "nijionee." Nadhani anataka kuuona uso wangu nikisoma.

Kama lako lina jambo, niambie sasa. Nikiingia chumba kile nikijua, nitaweza kusimama. Nikiingia sijui, nitaanguka mbele yake.

Reino


Duluth, 24 Aprili 1980

Dada yangu Aili,

Hukujibu. Sikulaumu.

Nimerudi jana. Kaa kwenye kiti kabla hujaendelea, na hii isome taratibu.

Walitupa chumba chenye meza ndefu na masanduku ya madaftari, yamefungwa kwa mpira, majina yameondolewa. Tulisoma tangu asubuhi. Nilidhani nitakutana na wajanja. Nilikutana na watu, Dada. Mama mmoja wa Cloquet ameandika kila siku "habari, habari, kulala." Alhamisi ameandika "hoki," na pembeni amechora bendera ndogo kwa penseli. Mzee mmoja ameandika saa zote za wiki kwa mwandiko uleule, kwa mkao mmoja, ungeona kabisa alikaa Jumanne akakumbuka wiki nzima. Kwake pia ni hoki. Mchungaji mmoja ameandika hoki, mchezo mzuri sana. Hakuna aliyewapitia. Hakuna aliyewatuma. Kila mmoja peke yake mezani kwake aliona aibu kuandika makoboi mwezi mmoja baada ya dhahabu.

Lakini Dressler hakushawishika. Alikuwa anafungua moja moja na kunitazama mimi kuliko daftari. Saa nane akafungua moja la kijani lenye alama ya kikombe juu ya jalada. Nilikijua kikombe kile. Ilikuwa pete ya kahawa yenye pengo, kutoka kile kikombe chako kilichovunjika kitako.

Akasoma kwa sauti. "Jumatano: imefungwa. Alhamisi: imefungwa. Ijumaa: imefungwa." Jumapili: ibada, saa nne mpaka saa tano. Na pembeni, kwa mwandiko wako uliosimama wima: "Sauti imezimwa. Ninafuata kwa kitabu cha nyimbo."

Akafungua ukurasa wa mwisho, ule wa maoni. Nakuandikia yaliyomo ili ujue kwamba nimeyaona yote:

"Anayetangaza hoki Alhamisi ni ndugu yangu. Siitazami. Masikio yangu yamekufa kidogo kidogo kwa miaka ishirini ya mashine za kushonea mashati, na tangu mwaka wa sabini na saba sisikii mtu akizungumza. Nikiifungua naona watu wanakimbizana kimya, na ninajua kwamba dakika fulani yeye ananisalimu mimi, na sijui ni dakika gani. Siwezi kukaa nayo. Naifunga. Majirani zangu watawaandikia kwamba wanatazama hoki. Waliipenda bendera kwa wiki mbili, ni watu wazuri, lakini hoki ni kitu kingine. Ndugu yangu hajui kuhusu masikio. Naomba msimwambie."

Dressler aliacha kusoma katikati ya sentensi ya mwisho, akanisogezea daftari. Nililia, Dada. Nakuambia hivyo hivyo ilivyokuwa. Nililia mbele ya mkuu wangu wa kazi na mama mmoja aliyekuwa anapita na toroli la masanduku.

Alirudisha daftari kwenye sanduku. Halafu akasema, "Kama ungekuwa umepitia watu, ungeanza na huyu." Akayafunga masanduku na tukaondoka. Jambo la kunishuku limekwisha, na wewe ndiye uliyelimaliza. Jambo la hoki nalo limekwisha. Alisema ndani ya ndege kwamba alipofuta wale wote wa tarehe 20, tulibaki na walewale wa miaka yote, na hao hawatoshi. Boling inaanza Septemba na amepewa kijana wa Superior mwenye meno mengi. Mimi nimepewa kusoma hali ya hewa na unene wa barafu ya ziwani, asubuhi. Nimekubali. Usicheke.

Nilikukasirikia mwezi mzima kwa kunidanganya, na sasa nimekasirika zaidi kwa sababu nyingine. Simu uliing'oa mwaka wa sabini na saba, nami nikakuita bahili. Krismasi ulinitazama mdomo tangu supu mpaka kahawa, nikadhani una jambo na meno yangu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuona kisahani kidogo kikipita kati ya miguu kumi, sikuona hilo. Nina aibu. Kwa nini hukuniambia?

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi kumi na moja. Ni mchezo wa tarehe 20 Machi, kipindi cha kwanza mpaka cha tatu, nilivyoutangaza. Nina kumbukumbu nzuri ya mambo hayo, na yaliyopotea nimeyatafuta kwenye kanda yangu ya kibandani. Haukuonwa na mtu na haukusikiwa na mtu. Ni wako peke yako. Salamu ziko dakika ya kumi na nne, nimezipigia mstari.

Reino wako


Halden Location, 2 Mei 1980

Mdogo wangu Reino,

Niliwaandikia "msimwambie" kwa herufi kubwa za kutosha. Sasa nawashuku hata watu wa Maryland.

Umeniuliza kwa nini. Mtangazaji akijua kwamba mtu hamsikii, ataacha kumsalimu. Ndilo nililoliogopa, hakuna lingine. Niliona bora uendelee kusema nisisikie, kuliko unyamaze kwa sababu yangu. Ndiyo maana nilikuwa nasoma gazeti la Ijumaa kama mwanafunzi wa mtihani. Na siku ile ya mafua, nilijisifu, nikasema leo nimetunga vizuri. Nisamehe kwa gazeti. Kwa daftari sikuombi msamaha, ingawa najua limekula Alhamisi zako. Nilikaa nalo usiku wa mwisho na penseli yao, nikaona ningeweza kuandika hoki kama wengine, neno moja tu. Lakini nilishakudanganya vya kutosha kwa barua, sikutaka kukudanganya na mbele ya watu wa Maryland.

Karatasi zako kumi na moja nimezisoma. Nilianza saa moja na nusu ya Alhamisi, kwa heshima ya ratiba. Nina malalamiko. Dakika ya sita una wachezaji saba wa kwetu kwenye barafu, na sheria ni sita, nimewahesabu kwa vifungo vya shati. Ama mwamuzi kalala ama wewe umetia chumvi. Pia yule mlinzi mrefu hapa anatolewa kwa kuvuta shati, na gazeti lilisema kwa kupiga kiwiko. Nakushuku.

Ile ya dakika ya kumi na nne niliifikia taratibu. Nilikuwa nimeweka birika tayari, kwa sababu mwezi wa tatu uliniambia niweke nami sikuweka. Nikasoma mstari wako wa kahawa imechemka, nikainuka, nikamimina vikombe viwili. Bi. Zalar alikuja akanikuta nalia na kahawa, akafikiri kuna msiba. Nikampa zile karatasi asome. Amesoma mpaka mwisho na amesema huo ndio mchezo wa kwanza wa hoki ya kulipwa alioutazama wote, na Frank yuko boling.

Asubuhi utasoma unene wa barafu, lakini jioni za Alhamisi naona sasa huna kazi. Basi la Duluth linafika hapa saa kumi na moja. Bi. Zalar anatengeneza andazi jingine, lile la Pasaka waliliramba watoto.

Ukifika usipige hodi, sitasikia. Sukuma mlango uingie tu.

Dada yako,
Aili